Nimeuziwa bawa la MiG-21 lililovutwa pembeni nikaambiwa ni J-7E, halafu kuna watu mnamtetea muuzaji

Wakuu salamu, ila leo sina salamu ndefu.

Kuna jamaa anauza vipande vya kubadilishia modeli za ndege, anavitoa kwa resini kwenye printa ya 3D, jina simtaji maana modi atafuta uzi kabla hamjafika katikati, wanaomjua wameshamjua. Nikaagiza kwake mabawa ya J-7E (J-7 ni MiG-21 ya Mrusi iliyotengenezwa na Mchina) skeli ya 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ndege halisi, nije nivalishe kwenye modeli ya MiG-21F-13 iliyokuwa imelala kabatini, lengo nipate J-7G ya JWTZ, ile yenye delta mbili, yaani ukingo wa mbele wa bawa una kona katikati. Nikalipia mzigo, nikalipia usafiri, umefika huku nikalipia na ushuru ambao kwa kweli ulinikata maini, nakuja kufungua boksi nakuta hakuna kona. Yaani ukingo wa mbele wa bawa umenyooka tu, toka ubavuni mpaka nchani, hamna kona hata ya kusingizia!!

Kwa wasiofuatilia haya madude ngoja nieleze kwa nini nimechafukwa. Bawa la MiG-21 ni delta ya kawaida, yaani pembetatu, ukingo wa mbele umelala nyuma nyuzi 57, ncha hadi ncha mita 7.15. Mchina alipewa leseni ya F-13 mwaka 1961, J-7 ya kwanza ikaruka Januari 1966, na miaka yote iliyofuata walibadilisha vitu kibao lakini bawa likabaki lile lile la Mrusi. Mpaka 1990 ndo ikaruka J-7E, sehemu ya ndani ya bawa wakaiacha na nyuzi zake 57, ya nje wakaipunguza ikawa nyuzi 42, hapo zinapokutana ndo kona yenyewe, ncha hadi ncha ikafika mita 8.32 na eneo likatoka mita za mraba 23 likawa 24.88. Walifanya hivyo kwa sababu delta tupu ikikata kona kali inakula spidi yake yenyewe, ndege inaishiwa pumzi katikati ya mapigano. G iliyokuja baadaye imebeba bawa hilo hilo. Sasa niambieni, ukiondoa hiyo kona kwenye J-7E unabaki na nini? Unabaki na MiG-21 iliyonenepa.

Nikasema labda macho yangu, nikachukua kalipa, kile kipimo cha milimita. Ncha hadi ncha nikapata milimita 115 na ushee, na 8.32 ukigawa kwa 72 ndo hiyo hiyo, hapo nampa haki yake. Nikaweka protrakta kwenye ukingo wa mbele: nyuzi 53. Siyo 57, siyo 42, ni 53 mwanzo mwisho. Nikashika kichwa, hii 53 imetoka wapi, hakuna MiG-21 ya kawaida wala J-7 yenye 53. Nikakaa na kalkuleta ndo nikaona mchezo wote. Chukua delta ya nyuzi 57, kwenye kompyuta ivute pembeni tu kwa asilimia 16 mpaka 7.15 iwe 8.32, urefu wa mbele kwenda nyuma usiuguse, pembe inashuka yenyewe mpaka 53. Ndo alichofanya mwamba, kachukua faili la bawa la MiG-21, kavuta, kasevu, kaandika J-7E, kaweka bei. Na ukipiga eneo la hilo bawa lake linakuja karibu mita za mraba 26.7 wakati la kweli ni 24.88, kwa hiyo kaongeza mara mbili ya walichoongeza Wachina wenyewe lol.

Unene sasa, hapo ndo nilichoka. Bawa la hii ndege ni jembamba sana, karibu asilimia 5 ya upana wake wa mbele kwenda nyuma, maana yake kwenye 1/72 pale nchani hutakiwi kufika hata nusu milimita. Yeye kanipa ncha ya milimita 2, nene kama biskuti, ukimuuliza anasema resini ikiwa nyembamba inapinda. Sawa inapinda, si ungesema kwenye tangazo?

Nikamwandikia kistaarabu kabisa na picha na protrakta juu yake. Akajibu kwamba kwa mtazamaji wa kawaida inatosha. Kwa mtazamaji wa kawaida!! Mtazamaji wa kawaida ndo anaagiza mabawa ya resini ya J-7E kutoka ng'ambo? Mtazamaji wa kawaida ananunua modeli dukani, anagundisha, anampa mtoto. Nikaomba hela yangu, akasema boksi likishafunguliwa halirudi. Sasa ningeionaje hiyo kona bila kufungua boksi jamani?

Kilichoniudhi zaidi ni ninyi. Nilipoliweka hili kwenye lile grupu letu la wasapu wakaibuka mawakili, ooh mshukuru kwanza kuna mtu anatengeneza, ooh ukisimama mbali haionekani, ooh si ununue ya 1/48 ipo kamili. Mkuu kabati langu lote ni 1/72, kuanzia Mig-17 mpaka Buffalo, nikaweke ya 1/48 katikati ionekane ndo mama yao? Na hilo la kusimama mbali ndo limenishinda kabisa, kwa sababu umbo la bawa ndo kitu pekee kinachoonekana ukisimama mbali. Skrubu na mistari ya paneli huioni, rangi ikikosewa kidogo huioni, lakini ndege ikipita juu unaitambua kwa kivuli cha mabawa yake.

Basi nimeachana naye, nachonga mwenyewe, na nawapa hesabu bure ili msije mkapigwa kama mimi.

Ukichukulia ukingo wa nyuma umebaki mnyoofu, halafu ukazibana zile namba nne, 57, 42, 8.32 na 24.88, kona lazima iangukie kama milimita 34 toka mstari wa katikati wa ndege, kwenye 1/72 naongelea. Picha za F-7PG za Pakistan na F-7BG za Bangladesh, matoleo ya kuuzwa nje ya hizi J-7, zimejaa mtandaoni, bawa ni hilo hilo, linganisheni muone kama nadanganya. Kwa hiyo bawa la MiG unalikata pale kwenye 34, unalitupa lote lililobaki nje, unatengeneza kipande kipya chenye upana, mbele kwenda nyuma, wa milimita 30 pale kinapoungana na 9 nchani, kwenda nje kama 23 na nusu. Ni kipande kidogo kuliko kadi ya benki. Kwa kipande hicho mtu kanichaji hela ya kula wiki.

Na msitumie kadi ya benki, nawaona mnawaza. Hiyo ni PVC, gundi ya modeli haiishiki, gundi yetu inafanya kazi kwa kuyeyusha polistireni, plastiki ya modeli zetu, na hiyo PVC inaipaka mafuta tu. Kuna duka moja la mabango lilinipa shiti nikaambiwa ni plastikadi (shiti za polistireni) ile ile mnayotumia ninyi watu wa modeli, nimefika nyumbani napiga msasa inatoka matundu matundu, kumbe ni foamu ya PVC. Hivi hii nchi mtu akisema sijui anapigwa faini? Kava la CD ndo mkombozi, lile gumu linaloonesha, ni polistireni safi, unene wake unazidi milimita kidogo, gundi inashika vizuri, shida yake ni kupasuka ukilikata kwa haraka, kwa hiyo unalichana kwa kisu taratibu mpaka litengane lenyewe. Kwa sehemu nyembamba kuna vikombe vya mtindi, geuza chini utafute namba 6, ndo alama ya polistireni. Pale kwenye muungano lazima upitishe waya wa klipu ya karatasi ndani, matundu utoboe kwa drili ya mkono, bila hivyo kipande kitakatika siku mtoto akiishika. Nyufa nimeziba kwa supagluu na poda ya mtoto, ikikauka inasagika kama plastiki yenyewe, msasa 400 halafu 800 halafu 1000.

Bado kioo. F-13 kioo chake kinafunguka kwenda mbele pamoja na kioo cha upepo, J-7 za baadaye kinafunguka nyuma, na G kioo cha mbele ni kipande kimoja kilichojipinda, hakina zile fremu. Hiyo natoa kwenye chupa ya maji, nachonga umbo lake kwa mti, napasha plastiki, navuta juu yake. Na parashuti ya breki inahamia kwenye shina la mkia, F-13 inaikalisha tumboni. Yule jamaa kwenye seti yake hivi vyote hakuvigusa, na kaiita seti kamili!

NYONGEZA: Naona kuna mmoja hapo chini kaandika kwamba nina wivu wa biashara. Mkuu mimi siuzi kitu, nina bawa la resini la nyuzi 53 mezani, ukilitaka njoo uchukue bure uweke la kufungia mlango.

NYONGEZA 2: Wanaosema labda nilipata la toleo baya, hayo matoleo hayapo, faili ni moja. Kama una seti yake toa boksi, weka protrakta, piga picha, weka hapa, nyuzi zikisoma 57 ndani na 42 nje nafuta uzi mwenyewe.

Na mwenye picha nzuri ya tumbo la J-7G, hasa pale chini ya bawa zinapofungwa nguzo za nje za makombora, aitupie hapa. F-13 ina nguzo mbili tu chini ya mabawa na mimi natakiwa niwe na nne, hizo mbili za nje nimeshachonga ila picha zote nilizonazo zimepigwa ubavuni na sioni zinakaa umbali gani toka kwenye kona.