Redio ya mtumba kwenye Golf: namba ya siri ninayo lakini inakataa, inaandika SAFE

Rehema_K

Habarini ndugu zangu. Naomba msaada, na mnivumilie, nitaeleza kwa urefu.

Nina Golf 4, gari la Volkswagen, aliyoniachia marehemu baba. Redio iliyotoka nayo kiwandani ilimeza kanda ikagoma kuitoa, baba akaibadilisha akaweka nyingine ya kununua dukani. Na hiyo ya pili sasa imekufa: taa zinawaka, sauti hakuna. Nikaamua nitafute ya aina ileile ya mwanzo, Gamma, kwa sababu inakaa sawasawa kwenye dashibodi na mwanga wake unafanana na wa saa za mbele. Baba aliipenda sana ile ya kwanza. Nimepata ya mtumba, imetolewa kwenye gari lililochinjwa.

Nimeichomeka ikawaka, ikaandika SAFE, yaani imejifunga na inadai namba ya siri. Sikushtuka. Baba alikuwa mtu wa kutunza karatasi, na ndani ya kitabu cha gari kuna kadi ndogo yenye namba nne zilizochapwa. Nikaziingiza, ikarudi SAFE. Nikadhani nimekosea tarakimu moja, nikarudia polepole huku mwanangu ananisomea. SAFE tena, na safari hii haibadiliki hata nibonyeze nini. Nimechomoa waya wa betri nusu saa ili ianze upya, wapi!

Je, nimeshaiua? Na kwa nini namba iliyo kwenye kitabu cha gari hilihili inakataliwa na redio ya aina hiihii?

Spea_Mkononi

Dada jaribu 0000, ikikataa weka 1234, ikikataa weka 1000. Wengi huwa hawabadilishi namba ya kiwandani.

Fundi_Mawimbi

Dada Rehema, pole kwa kumpoteza mzee. Redio yako haijafa, tulia. Ila nakuomba usiingize hata moja kati ya hizo namba alizokutajia ndugu yangu hapo juu. Najua amekusudia kusaidia, lakini namba ya siri ya redio hizi si kama ya simu, kwamba unatoka nayo dukani kisha unaweka yako. Kila redio inapewa yake kiwandani, na mwenye gari hana namna ya kuibadilisha.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la pili. Namba ni ya redio, si ya gari. Kadi aliyoitunza mzee ni ya ile redio iliyomeza kanda. Ukichukua Gamma mbili zilizotengenezwa siku moja, namba zao ni mbili tofauti. Nimeshika redio hizi miaka mingi, na naweza kusema kosa hili ndilo linalowaleta watu wengi mezani kwangu: mtu ana kadi halali, ya gari lake halali, anaiingiza kwenye redio ya gari la mtu mwingine.

Kuhusu kufungika. Inakupa nafasi mbili. Ukikosea ya pili inajifunga kwa muda wa kama saa moja, na saa hiyo inahesabiwa redio ikiwa imewashwa. Kwa hiyo ulipochomoa betri hukuifungua, uliichelewesha tu. Acha funguo ndani ya swichi, redio iwe imewaka, uiache saa nzima bila kuigusa. Kama betri yako ni ya mashaka, ichaji kwanza. Baada ya hapo utapata nafasi mbili nyingine.

Na ndiyo maana kubahatisha hakufai. Namba nne zinatoa michanganyiko 10,000. Kwa majaribio mawili kila saa, kuimaliza yote ni saa 5,000, yaani zaidi ya siku 200 usiku na mchana. Ilitengenezwa hivyo kwa makusudi, ili mwizi akiichomoa abaki na kasha tu.

Sasa fanya hivi. Itoe redio kwa vile vibamba vyake vya chuma vya kuitolea, usiivute kwa bisibisi maana utaipasua uso. Angalia stika iliyo juu au ubavuni mwa kasha: kuna namba inayoanza na VWZ, ina herufi na tarakimu 14 kwa jumla. Ipige picha. Hicho ndicho kitambulisho cha redio, na namba ya siri inatafutwa kwa hicho. Huku umeishika, lichunguze kasha lote kwenye mwanga, chini na nyuma. Mara nyingi mwenye gari wa zamani au fundi ameandika namba kwa kalamu ya wino mzito, au kwa msumari. Nimeshaikuta hata chini ya vumbi, nikapangusa na kitambaa ikajitokeza.

Usipoiona, rudi kwa aliyekuuzia kabla ya kwenda popote. Gari lililochinjwa lilikuwa na kitabu chake, na kadi kama ya mzee huenda bado imo. Hiyo ndiyo njia fupi. Ya pili ni wakala wa kampuni, uende na redio yenyewe, kadi ya usajili wa gari, kitambulisho chako na risiti. Atakuuliza umeipata wapi, na ana haki ya kuuliza. Ya tatu ni fundi wa bodi: redio za zamani kama hii zinaihifadhi namba kwenye chipu ndogo ya miguu minane, na mwenye kifaa chake anaisoma. Hiyo iwe ya mwisho, kwa sababu chuma cha kuchomelea kikishikwa na mkono usiozoea ndicho kinachoua redio kweli.

Nikwambie na hili, kwa nia njema: muuzaji akikosa kabisa maelezo ya redio ilikotoka, mrudishie. Kuna mtu mahali fulani alifungua gari lake asubuhi akakuta tundu kwenye dashibodi.

Spea_Mkononi

Nimekuelewa fundi, asante kwa kunirekebisha. Dada Rehema nisamehe, ningekupotezea nafasi.

Mzee_Golf

Naongeza moja, Rehema mwanangu. Siku utakayopata namba sahihi, subiri SAFE ipotee na ije 1000. Kitufe cha 1 kinabadilisha tarakimu ya kwanza, cha 2 ya pili, hivyo hivyo hadi cha 4. Usivibonyeze kwa haraka, maana ukiipita tarakimu unazunguka upya. Kisha unashikilia kitufe cha kuthibitisha, na hicho kinatofautiana kwa toleo, kisome kwenye kitabu cha redio. SAFE ikirudi kwenye kioo, achia kidole. Inakaa kidogo halafu inaingia kwenye stesheni. Na ukishaiona 1000 usithibitishe kabla ya kuibadilisha, kwa sababu itaihesabu hiyo 1000 kuwa ndiyo namba uliyoingiza, na utakuwa umekosea mara moja kabla hujaanza. Mimi ilinikuta.

Rehema_K

Fundi, Mzee wangu, Mungu awabariki. Naleta habari njema na mbaya.

Nzuri: muuzaji alikwenda kulikagua lile gari lililobaki mifupa, akakuta kitabu chini ya kiti, na kadi imo! Tukalinganisha ile namba ya VWZ kwenye kadi na ya kwenye stika, herufi kwa herufi, zinafanana. Nikaiacha redio saa moja kama ulivyosema, nikaingiza, nikaachia kidole. Sekunde chache, sauti ikatoka. Nilitoa machozi, siwafichi.

Mbaya: kila nikichomoa funguo za gari inazima, na nikirudi inaandika SAFE. Naingiza namba, inakubali. Nachomoa funguo, SAFE. Tangu jana nimeingiza mara sita. Ina maana redio ni mbovu?

Fundi_Mawimbi

Redio ni nzima. Inapoteza umeme wa kumbukumbu, basi kila ukiiwasha inaamini imeibiwa.

Umesema baba aliwahi kuweka redio ya dukani. Bila shaka aliyemfungia alizipishanisha nyaya mbili. Redio ya gari inapokea umeme wa aina mbili: mmoja wa kudumu, wa kutunza saa, stesheni na kumbukumbu kwamba namba ya siri imeshaingizwa, na mwingine unaokuja ukiingiza funguo. Kwenye soketi ya ISO, ile plagi sanifu ya nyuma ya redio wanayotumia wengi, wa kudumu unakaa pini ya 4 na wa funguo pini ya 7. Kwenye Volkswagen za rika la gari lako ni kinyume: wa kudumu upo 7, wa funguo upo 4. Kwa hiyo fundi akifunga redio ya dukani analazimika kuzigeuza, la sivyo inasahau stesheni kila siku. Alifanya sawa kwa wakati ule. Wewe umerudisha ya kiwandani, na nyaya bado zimegeuzwa.

Pima kabla ya kukata chochote. Chomoa funguo, weka mita kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye waya wa kahawia (kwenye gari hilo kahawia ndiyo hasi), ncha nyekundu kwenye pini ya 4. Ukiona kama volti 12 wakati funguo ziko mkononi mwako, na pini ya 7 haina kitu, basi ndivyo hivyo. Rangi nyingine usiziamini, nyaya zilizoshaguswa na watu hubadilishwa rangi. Toa fyuzi ya redio ndipo uzirudishe.

Rehema_K

Fundi, pini ya 4 ilisoma 12.4, pini ya 7 sifuri. Nyuma ya tundu nyaya mbili zimekatwa na kuunganishwa mkasi, zimezungushiwa utepe mweusi uliolainika hadi gundi inashika vidole. Nimetoa fyuzi, jirani yangu anayejua kuchomelea amezirudisha, tumevalisha kila kiungo mpira wake. Nikaingiza namba, nikachomoa funguo, nikaenda kulala.

Asubuhi hii nimeiwasha. Imeanza kwenye stesheni niliyoiacha usiku.

Fundi_Mawimbi

Vizuri sana. Ipige picha kadi ya kwenye hilo gari lingine uihifadhi mbali na gari, na ile ya mzee iandike kwamba ni ya redio ya zamani, asije mtu akaiingiza tena.