Nyoka anayeshikika: amefugika au amezoea mkono tu?

Kigamboni_Kijana:
Wakuu, naomba kueleweshwa. Kwenye video za Marekani na Ulaya watu wanajivisha chatu shingoni naye ametulia tuli. Huyo tumhesabu mnyama wa kufugwa kama kuku na mbwa, au amezoea tu? Na mazoea hayo yanapatikanaje?

Gamba_Kavu:
Neno "kufuga" ndilo linalotuchanganya, mkuu, linabeba mambo mawili. Kumtunza mnyama bandani ni kufuga. Kuchagua wazazi wapole kizazi baada ya kizazi mpaka upole uingie kwenye damu ni kazi nyingine kabisa. Kule Novosibirsk, Urusi, kuanzia 1959 mwanasayansi Dmitri Belyaev alizalisha mbweha wasioogopa mtu, wasiofaa akawaacha. Baada ya vizazi vichache watoto wakaanza kumtikisia mtu mkia. Kwa chatu mdogo wa Ghana, Togo na Benin, yule anayejikunja kama mpira, wazalishaji wanachagua rangi. Upole kaja nao kutoka porini: akitishwa anaficha kichwa katikati ya mwili. Tena rangi nyingine ni mateso. Aina iitwayo buibui hutikisika kichwa na kushindwa kulenga panya, kwa kuwa jeni ileile ya rangi inavuruga mizani ya mwili.

Bi_Koleo:
Naongezea upande wa mazoea. Nyoka mgeni usimshike mpaka ale mara 2 au 3 mfululizo bila kutapika. Kisha dakika 10, mara 2 kwa wiki. Akishakula mpe saa 48, ukimwahi atatapika. Macho yakiingia ukungu wa buluu anakaribia kujivua gamba; haoni vizuri, muache.

Kosa linalong'atisha watu wengi ni kufungua kizimba siku ya chakula tu. Nyoka anajua mlango ukifunguka ni panya, na mkono wako una joto kama panya. Kabla ya kumtoa, mguse mgongoni taratibu kwa fimbo ya ndoano. Shingo ikilegea na ulimi ukitoka polepole, pitisha mkono chini ya tumbo, katikati ya mwili. Usimshukie kutoka juu kama mwewe. Shingo ikijipinda mithili ya S, funga mlango, rudi kesho. Panya mpe kwa koleo refu.

Kigamboni_Kijana:
Na asiposhikwa miezi sita?

Gamba_Kavu:
Wengi hurudia woga, unaanza upya. Mwangalie pia mtoto wa nyoka aliyezoea kabisa: pua tu imetoka kwenye yai, tayari anafoka na kurusha kichwa kwa kidole kilicho mbele yake. Mazoea ya mama hakuyarithi.

Bi_Koleo:
Halafu usiokote chatu wa kwetu huko shambani. Anaweza kupita mita 4, na Kenya, kwa sheria ya wanyamapori ya 2013, kumweka bila kibali ni kosa.