Kwa nini Lamu ihesabiwe kuwa na umaskini mdogo kuliko Kilifi?

Mkaazi wa Malindi anauliza:

Assalam aleikum. Nimekuwa nikipitia matokeo ya utafiti wa bajeti za kaya wa mwaka 2015/16, na kuna jambo limenitatiza. Kwa Kenya nzima, waliokuwa chini ya mstari wa umaskini walishuka kutoka asilimia 46 hivi miaka kumi kabla yake hadi asilimia 36.1. Kaunti yetu ya Kilifi, pamoja na mahoteli yote ya Malindi na Watamu, ilibaki na asilimia 46.4. Lamu, ambayo wakati huo haikuwa hata na barabara ya lami kutoka Garsen, ilipata asilimia 28.5, ilhali Tana River, iliyo katikati yetu, ilikuwa na asilimia 62.2. Na bado kaunti zote tatu zimo katika orodha ile ya kwanza ya kaunti 14 zilizoachwa nyuma, zilizokusudiwa kunufaika na Hazina ya Usawazishaji iliyoanzishwa na Katiba ya 2010. Naomba wenye kulielewa jambo hili wanifafanulie.

Mzaliwa wa Langoni, Lamu:

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Tazama kwanza mstari wenyewe umepigwa wapi. Katika utafiti huo, mtu mzima wa kijijini alihesabiwa maskini iwapo matumizi yake ya mwezi hayakufika shilingi 3,252, na wa mjini shilingi 5,995. Kinachopimwa ni matumizi wala si mshahara, na chakula ambacho watu wa nyumba wamejilimia au kujivulia hutiwa thamani na kuingizwa katika hesabu. Basi mvuvi wa Kizingitini akimuuzia tajiri samaki wakubwa na kubakisha changu wawili watatu wa kitoweo, hao changu nao wamehesabiwa. Mkulima wa Mpeketoni, ambako serikali iligawa mashamba katika miaka ya 1970, ana mahindi yake ghalani, nayo pia yamehesabiwa.

Lakini mizani hiyo haipimi umbali. Mfuko wa saruji unaoletwa Amu, yaani mji wa Lamu ulio kisiwani, hushushwa kwenye lori pale Mokowe upande wa bara, ukapakiwa botini, ukabebwa na hamali gatini, kisha ukapandishwa juu ya punda hadi mlangoni, na kila mkono unaoupokea unataka chake. Mama mjamzito wa kisiwa cha Ndau akizidiwa usiku wakati wa kusi, bahari ikiwa imechafuka, jamaa zake hutafuta kwanza nahodha aliye tayari kutoka, halafu pesa za mafuta. Sidhani kwamba asilimia 28.5 inatuambia lolote kuhusu usiku kama huo, na ndiyo maana sioni kinzano katika Lamu kuwamo kwenye orodha hiyo.

Mwalimu, Ganze:

Naongezea upande wetu wa bara, kwa kuwa anayesema "Kilifi" huwa anawaza ufuo. Mvua ikikosa misimu miwili, mtu wa Ganze hana mahindi ya kutiwa thamani, na hayuko karibu na bahari akajivulie. Huchoma makaa au huuza mbuzi kwa bei ya kutupa. Fedha za utalii hazipandi huku kwa urahisi, maana sehemu kubwa ya malipo ya mgeni humalizikia ng'ambo kabla hajafika, na vijana wetu waliomo mahotelini huajiriwa kwa msimu na kurudishwa nyumbani mvua za masika zinapoanza.

Kuna pia suala la ardhi, ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa ukanda wa pwani wa maili kumi wasajili madai yao, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni. Wamijikenda wengi hawakusajili, na vizukuu vyao leo huitwa maskwota juu ya makaburi ya babu zao. Mtu asiye na hati hawezi kukopa benki, na hushikwa na woga wa kupanda mikorosho ambayo huenda ikavunwa na mwingine. Isitoshe, waraka wa serikali Nambari 10 wa mwaka 1965 ulielekeza uwekezaji kwenye maeneo yenye mvua na rutuba, ukitarajia kwamba faida itasambaa kwingine baadaye.

Mvuvi mstaafu, Matondoni:

Takwimu hizo ni za kabla ya bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa mwezi Mei 2021. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2018 kwamba wavuvi walioathirika walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, kwani mikondo tuliyokuwa tukivua imechimbwa. Mwenye mashua ndogo hawezi kuhamia bahari kuu, hasa wakati wa kusi. Msiichukue Lamu ya 2015/16 kuwa ndiyo Lamu ya sasa.

Mkaazi wa Malindi:

Nawashukuru nyote. Nimeona pia kwamba sera ya pili ya Tume ya Ugavi wa Mapato, ndiyo iliyotoa orodha ile ya kaunti 14, iliacha kuorodhesha kaunti nzima na badala yake ikataja maeneo madogo 1,424 katika kaunti 34. Mwalimu, je, vijiji vya Ganze vimo humo, na kuna mradi wowote wa maji uliokwisha kuanza?