Asilimia 90 ya nasaba ya Uingereza ilibadilika baada ya 2450 KK: je, wenyeji waliuawa?

Mwalimu_Historia aliuliza:

Salaam ndugu zangu. Ninafundisha historia katika shule ya sekondari, na ninajaribu kuelewa vizuri yale ambayo vinasaba vya kale vimefichua kuhusu Ulaya ya kabla ya maandishi. Kwa kadiri nilivyosoma, Wazungu wa leo ni mchanganyiko wa nasaba tatu kubwa. Ya kwanza ni ya wawindaji waliokuwapo baada ya barafu kuyeyuka. Ya pili ni ya wakulima waliotoka Anatolia, yaani Uturuki ya leo, wakaingia Ugiriki takriban 6500 KK na kusambaa kwa kufuata pwani za Mediterania na bonde la mto Danube. Ya tatu ni ya wafugaji wa nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, wanaojulikana kama Wayamnaya, ambao nasaba yao ilifika Ulaya ya kati muda mfupi baada ya 3000 KK.

Linalonitatiza ni suala la Uingereza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Nature, ambao mwandishi wake wa kwanza ni Iñigo Olalde, ulieleza kwamba kuanzia takriban 2450 KK watu waliotumia vyungu vya umbo la kengele walivuka kutoka Ulaya ya bara, na kwamba katika karne chache tu karibu asilimia 90 ya nasaba ya kisiwa kile ilikuwa imebadilika. Yale mawe makubwa ya Stonehenge yalisimamishwa takriban 2500 KK, kwa hiyo waliosimamisha walikuwa ni wale ambao nasaba yao ilikaribia kutoweka muda si mrefu baadaye. Wanafunzi wangu wanapolisikia hilo huuliza mara moja kama wenyeji walichinjwa, nami sina jibu la kuwaridhisha. Je, tarakimu hiyo inapatikanaje kutoka kwenye mifupa, na inaturuhusu kusema nini kuhusu hatima ya wale watu? Na je, lugha nazo zilibadilika pamoja na nasaba?

Jenomu_Kale alijibu:

Ndugu Mwalimu, nitaanza na namna tarakimu yenyewe inavyopatikana, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapopotea.

Vinasaba vya mtu aliyekufa miaka elfu nne iliyopita huwa vimekatikakatika vipande vifupi sana, na vingi vinavyotoka kwenye mfupa wa kale si vya binadamu bali ni vya bakteria wa udongoni. Maabara hupendelea mfupa wa fuvu unaozunguka sikio la ndani, ambao kwa ugumu wake huhifadhi vinasaba kuliko karibu mifupa yote mingine. Ncha za vipande vya kale huharibika kikemia kwa namna inayotambulika, ambapo C, mojawapo ya herufi nne za msimbo wa vinasaba, husomeka kama T, na uharibifu huo ndio unaowasaidia watafiti kutenganisha vinasaba vya marehemu na vile vya mchimbaji aliyeushika mfupa juzi. Kisha husomwa mamia ya maelfu ya sehemu za jenomu, yaani seti nzima ya vinasaba vya mtu, ambazo binadamu hutofautiana, na mtu huyo hulinganishwa na makundi ya zamani zaidi ili kuona ni mchanganyiko gani wa makundi hayo unaomweleza vizuri.

Kwa hiyo asilimia 90 si hesabu ya vichwa. Haisemi kwamba kati ya watu kumi waliokuwapo mwaka 2450 KK, tisa walikufa. Inasema kwamba ukichukua watu waliozikwa Uingereza karne kadhaa baadaye na kufuatilia nasaba yao, takriban sehemu tisa kati ya kumi zinafanana na za watu wa bara, hasa wa maeneo ya Uholanzi ya leo, na sehemu moja tu ndiyo inayoelekea kwa wakulima waliokuwa kisiwani kabla yao.

Aidha, wageni hao walikuwa wamekwisha kuchanganyika kabla ya kuvuka bahari. Takriban nusu ya nasaba yao ilitoka nyikani, na nusu nyingine kwa wakulima wa Ulaya ya bara ambao asili yao ni ileile ya Anatolia. Ndiyo maana Waingereza wa leo wana kiasi kikubwa cha nasaba ya wakulima wa Anatolia, ingawa kwa sehemu kubwa hawakuipata kutoka kwa wajenzi wa Stonehenge. Anayesema kwamba wafugaji wa nyika waliwafuta wakulima Uingereza anaruka hatua nzima ya historia iliyotukia bara.

Kuhusu mauaji, hebu tupige hesabu ndogo. Tuchukue makundi mawili yenye idadi sawa, kundi moja likiongezeka kwa nusu asilimia kwa mwaka na jingine likipungua kwa kiasi hichohicho. Baada ya miaka 220 hivi, uwiano utakuwa tisa kwa moja. Hata kama wenyeji walikuwa mara kumi ya wageni mwanzoni, tofauti hiyohiyo ingefikisha asilimia 90 katika miaka 450. Tofauti ya namna hiyo inaweza kuletwa na watoto wengi wanaofikia utu uzima upande mmoja na mavuno mabaya upande mwingine, bila mkuki hata mmoja kurushwa. Sisemi kwamba ndivyo ilivyokuwa. Ninasema kwamba tarakimu pekee haiwezi kutofautisha hali hiyo na ile ya vita.

Bi_Chimbo alijibu:

Ninakubaliana na Jenomu_Kale, ila ningependa kuongeza jambo ambalo sisi wa upande wa akiolojia tunaliona kuwa zito kuliko linavyopewa nafasi. Kabla ya 2450 KK, kwa karne kadhaa, watu wa Uingereza walikuwa na desturi iliyoenea ya kuwachoma maiti wao. Stonehenge yenyewe ni makaburi ya mabaki ya watu waliochomwa. Mfupa uliochomwa kwa moto mkali hautoi vinasaba vinavyosomeka kwa njia za kawaida. Maana yake ni kwamba wenyeji tunaowafahamu kwa vinasaba ni zaidi wale wa karne za mwanzo za kilimo, kuanzia takriban 4000 KK, na wale waliokuwa hai hasa wakati wageni wanafika wana sampuli chache mno. Kama baadhi ya wenyeji waliendelea kuwachoma wafu wao huku wageni wakizika maiti nzima pamoja na vyungu vyao, basi kwa muda fulani maabara zingewaona wageni tu. Jambo hilo haliifuti ile asilimia 90, kwa sababu hata baadaye, maziko ya namna moja yalipoenea, nasaba ya wenyeji haikurudi kwa wingi. Lakini linatufanya tusiwe wepesi kusema mabadiliko yalikuwa ya ghafla, maana huenda kasi hiyo kwa sehemu inatokana na namna watu walivyozikwa.

Pia tusichukulie Uingereza kuwa ndiyo kanuni ya Ulaya nzima. Utafiti huohuo wa 2018 ulionyesha kwamba waliotumia vyungu vya kengele Iberia, yaani Uhispania na Ureno za leo, na wale wa Ulaya ya kati hawakuwa na undugu wa karibu. Aina moja ya chungu, aina moja ya upinde na kisu, lakini watu tofauti. Kutoka nchi hadi nchi desturi ilisafiri kwa kuigwa, kisha ilipofika Uingereza ikasafiri pamoja na watu. Kwa miaka mingi wanaakiolojia walibishana kama vyungu ni watu au ni mitindo tu, na kumbe majibu yote mawili yalikuwa sahihi, kila moja mahali pake. Kwangu hilo ndilo tunda kubwa la utafiti ule, kuliko hata hiyo asilimia inayonukuliwa kila mahali.

Nenda sasa Orkney, visiwa vya kaskazini mwa Uskoti. Uchunguzi wa makaburi ya Zama za Shaba ya Links of Noltland, uliochapishwa mwaka 2022, uligundua kwamba nasaba ya bara ilifika kule pia, lakini kromosomu Y za wanaume wengi, ambazo mwana huzirithi kwa baba yake tu, zilibaki zile za wakulima wa kale. Kwa maneno mengine, wageni walioacha alama kubwa pale walikuwa wanawake waliokuja kuolewa. Iberia ilikuwa kinyume chake kabisa: kufikia takriban 2000 KK, asilimia 40 hivi ya nasaba ilikuwa imebadilika, lakini karibu kromosomu Y zote zilikuwa za ukoo wa wageni. Sijui mtu anawezaje kuyaeleza matukio haya mawili kwa neno moja la uvamizi.

Mwalimu_Historia alijibu:

Ninawashukuru nyote wawili. Hoja ya kuchoma maiti sikuwahi kuikuta mahali popote, nami nitaifundisha. Hata hivyo, ninahofia tusije tukaelekea upande wa pili na kuwaonyesha watu wa kale kana kwamba waliishi kwa amani tupu. Iberia, ambako karibu koo zote za kiume zilikatika, ni vigumu kwangu kuamini kwamba ni suala la uzazi peke yake. Nimesoma pia kuhusu nadharia kwamba ni tauni iliyowapunguza wakulima wa kale. Je, ina uzito?

Jenomu_Kale alijibu:

Hofu yako ni ya haki, Mwalimu, na vurugu zilikuwapo. Huko Koszyce, kusini mwa Poland, kuna kaburi la watu 15 wa takriban 2800 KK waliouawa kwa kupigwa kichwani, na vinasaba vilionyesha kwamba walikuwa ukoo mmoja: mama na watoto wao wamelazwa wakiwa karibukaribu. Aliyewazika alijua vizuri nani ni wa nani. Uingereza nako, katika shimo la Charterhouse Warren, Somerset, kulitupwa mabaki ya watu wasiopungua 37, wanaume, wanawake na watoto, waliouawa na kukatwakatwa kati ya takriban 2210 na 2010 KK. Lakini angalia tarehe: hiyo ni karne mbili au zaidi baada ya wageni kuanza kufika, na hakuna ushahidi kwamba wauaji na waliouawa walikuwa wa nasaba tofauti. Mpaka sasa hakuna eneo lolote Uingereza lililotoa ushahidi wa mauaji makubwa ya wenyeji yaliyofanywa na wageni wa kwanza.

Tauni ina uzito zaidi ya ulivyodhaniwa miaka kumi iliyopita. Bakteria wake, Yersinia pestis, amepatikana kwenye meno ya watu wa Ulaya na Asia wa Zama za Shaba, na pia kwa wakulima wa Gökhem, Sweden, waliokufa miaka 4,900 hivi iliyopita. Mwaka 2024 ulichapishwa uchunguzi wa watu 108 wa Skandinavia, wengi wao wakulima wa Zama za Mawe, ambapo 18 walikutwa na bakteria huyo. Kwa ugonjwa ambao huacha alama kwenye jino ikiwa tu ulikuwa umeingia kwenye damu wakati wa kifo, hiyo si idadi ndogo. Palipo na shaka ni hapa: aina nyingi za awali za bakteria huyo hazikuwa na jeni inayomwezesha kuishi ndani ya kiroboto, kwa hiyo hazikuenea kama tauni ya karne ya 14. Isitoshe, kwa Uingereza mifano ya kale inayojulikana, ya Somerset na Cumbria, ni ya miaka 4,000 hivi iliyopita, yaani baada ya badiliko lenyewe.

Nyikani alijibu:

Naomba nijibu lile la lugha, ambalo limeachwa nyuma.

Marija Gimbutas alipendekeza katika miaka ya 1950 kwamba lugha za Kihindi-Kiulaya, yaani familia yenye Kiingereza, Kihispania na Kiajemi, zilitoka nyikani pamoja na wafugaji. Colin Renfrew alimpinga mwaka 1987, akisema zilienea mapema zaidi pamoja na wakulima wa Anatolia. Mwaka 2015 tafiti mbili katika jarida la Nature, moja ya Wolfgang Haak na wenzake, nyingine ya Morten Allentoft na wenzake, zilionyesha uhamaji mkubwa kutoka nyikani. Haak alikadiria kwamba watu wa Ujerumani waliotumia vyungu vya alama za kamba walikuwa na takriban robo tatu ya nasaba yao kutoka kwa Wayamnaya au watu wanaofanana nao. Hilo liliipa nguvu hoja ya Gimbutas, kwa sababu pingamizi kubwa dhidi yake lilikuwa kwamba hapakuwa na uhamaji wa kutosha kubeba lugha.

Hata hivyo, mfupa hausemi. Wabasque, watu wa mpakani mwa Uhispania na Ufaransa, wana nasaba ya nyika kama majirani zao wa Uhispania, na wamebaki na lugha isiyo na uhusiano wowote na za Kihindi-Kiulaya. Nasi wa Pwani tuna mfano wetu. Utafiti wa mwaka 2023 uliochunguza watu 80, wengi wao kutoka makaburi ya miji ya Waswahili kama Mtwapa, Manda, Faza na Kilwa, ulikuta kwamba nasaba ya Asia, hasa ya Uajemi, iliingia kwa wingi kupitia wanaume kuanzia takriban mwaka 1000 BK, ilhali nasaba ya Kiafrika ilitoka zaidi kwa wanawake. Watoto wa ndoa hizo walizungumza Kiswahili, lugha ya Kibantu, lugha ya mama zao. Kama tungekuwa na kromosomu Y tu na hatuna maandishi wala wazungumzaji, mtafiti wa miaka elfu nne ijayo angeweza kuandika kwa ujasiri kwamba Kilwa ilizungumza Kiajemi.

Sababu nyingine ya kuwa waangalifu ni ya kisiasa. Gustaf Kossinna, mwanaakiolojia wa Kijerumani aliyefariki mwaka 1931, alifundisha kwamba kila mtindo wa vyungu unalingana na taifa moja lenye damu moja, na Wanazi wakayatumia mafundisho yake kudai ardhi za Poland. Baadhi ya wanaakiolojia, Volker Heyd akiwa mmojawapo, wameonya kwamba ramani za vinasaba zenye mishale minene zinaweza kulirudisha wazo hilo kwa mlango wa nyuma. Wakati huohuo, data zenyewe zinalikanusha: Wayamnaya walikuwa mchanganyiko wa wawindaji wa mashariki mwa Ulaya na watu wenye asili ya Kaukasi, wakulima waliozidi kusonga ndani ya Ulaya walichanganyika na wawindaji waliowakuta, na vyungu vya kengele vilitumiwa na watu wa asili mbalimbali. Mwalimu, ukiwaonyesha wanafunzi ramani hizo, waonyeshe Orkney na Iberia kwa pamoja, kisha waulize wao ni mshale gani mmoja ungeweza kuchorwa kueleza visa vyote viwili.