Kwotabeki wa akiba katika ligi ya kudumu: nimbakize Malik Willis au nimuuze?

MtuWaMinneapolis (Juni 2025)

Wakuu, salaam. Ninacheza fantasi ya NFL, ligi ya futiboli ya Marekani (kila mmoja anaunda kikosi cha wachezaji halisi na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani), na wenzangu kumi na mmoja wa kazini, na ligi yetu ni ile ya kudumu, yaani kikosi ulichomaliza nacho mwaka huu ndicho utakachoingia nacho mwaka ujao, mpaka umuuze mchezaji au umwache mwenyewe. Ni ligi ya supafleksi, kwa hiyo kila timu inaruhusiwa kupanga makwotabeki (wanaorusha pasi na kuongoza mashambulizi) wawili kwa wiki. Yadi 25 za pasi ni pointi 1, tachidauni ya pasi (yaani mpira kufikishwa eneo la mwisho la wapinzani) ni pointi 4, yadi 10 za kukimbia ni pointi 1 na tachidauni ya kukimbia ni pointi 6.

Makwotabeki wangu ni Jordan Love na Matthew Stafford. Wa tatu ni Malik Willis, anayesugua benchi nyuma ya huyohuyo Love pale Green Bay Packers. Nilimwokota bure Septemba iliyopita, Love alipoumia goti katika mchezo wa kwanza dhidi ya Eagles kule São Paulo. Juzi mwenzangu mmoja ameniletea ofa: nimpe Willis, naye anipe chaguo lake la raundi ya pili katika drafti yetu ya chipukizi (zamu za kuchagua wachezaji wapya) ya mwaka 2026. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kukubali, nikakumbuka alichowafanyia Tennessee Titans, timu yake ya zamani, nikasita. Naomba mnisaidie kufikiri: mnapimaje thamani ya miaka mingi ya mtu ambaye kazi yake ni kusubiri?

Mtunza Daftari

Ndugu yangu, nafasi hii ni kama ya kipa. Anacheza mmoja tu, na wa pili haingizwi dakika ya 70 ili kuchangamsha mchezo. Anaingia mwenzake akiumia au akipoteza namba. Kwa hiyo kabla hujamtazama Willis, mtazame aliyekaa mbele yake. Julai 2024 Love alisaini nyongeza ya miaka minne yenye thamani ya dola milioni 220, ambayo inamfikisha mwaka 2028. Willis bado yuko katika mkataba wa chipukizi alioanza nao Titans mwaka 2022, na mkataba huo unakwisha msimu ujao ukimalizika, hivyo Machi 2026 atakuwa mchezaji huru. Maana yake ni kwamba thamani yake ya muda mrefu haiko Green Bay. Iko katika timu ambayo hakuna anayeijua leo.

Mimi huwagawa makwotabeki wa akiba mafungu mawili, warithi na makaimu. Mrithi ni yule ambaye klabu ilimlipia bei kubwa ili siku moja akalie kiti. Love mwenyewe alikuwa mrithi: katika drafti ya 2020 Packers walitoa chaguo la ziada ili wapande hadi nafasi ya 26 na kumchukua, ilhali kwotabeki wao Aaron Rodgers bado yupo. Akasubiri misimu mitatu, na katika muda huo Rodgers akatwaa tuzo ya MVP, ya mchezaji bora wa msimu, mara mbili mfululizo, wengi wetu tukakata tamaa. Mimi nilimwacha mwaka 2022 ili nipate nafasi ya mpokeaji pasi mmoja ambaye hata jina lake nimelisahau. Mwaka uliofuata Rodgers aliuzwa kwa Jets, na Love akarusha yadi 4,159 na tachidauni 32 akiwa katika kikosi cha jirani yangu, ambaye hajaacha kunikumbusha mpaka leo.

Kaimu ni yule aliyeletwa ili ofisi isifungwe. Willis aliwagharimu Packers chaguo la raundi ya saba, Agosti 2024, siku chache kabla ya msimu kuanza. Bei hiyo inaeleza walimkusudia nini. Pokea raundi ya pili, ushukuru.

Bi Mkubwa wa Houston

Kwa heshima, Mtunza Daftari, mkataba wa aliye mbele si ukuta. Carson Wentz alisaini nyongeza ya dola milioni 128 na Eagles mwaka 2019. Miezi kumi baadaye wakamchagua Jalen Hurts, wa 53 katika drafti ya 2020, na Desemba ya mwaka huohuo Hurts alikuwa anaanza. Mwaka 2021 Wentz akauzwa, na klabu ikameza zaidi ya dola milioni 33 katika hesabu ya ukomo wa mishahara kwa mtu asiyewachezea. Kirk Cousins naye alisaini na Falcons mkataba wa dola milioni 180 Machi 2024, Aprili wakamchukua Michael Penix Jr. akiwa chaguo la 8, na kabla ya Krismasi Cousins alikuwa benchi. Ungetazama mikataba peke yake ungewakosa Hurts na Penix. Ninakubali kwamba kipimo chako cha pili, cha bei waliyolipiwa, kingekuokoa, kwa kuwa wote wawili walichukuliwa mapema.

Ila kuna kitu ambacho bei haionyeshi, nacho ni miguu. Turudi kwenye mchezo wa Nashville, 22 Septemba 2024, Willis akiwa na Packers dhidi ya Titans, timu iliyomtupa wiki tatu na ushei kabla. Alirusha pasi 19 tu, 13 zikafika, yadi 202, tachidauni 1. Akakimbia mara 6 kwa yadi 73 na tachidauni nyingine. Kwa pointi za ligi yako, mikono ilimpa 12.08 na miguu ikampa 13.3, jumla 25.38. Zile yadi 73 peke yake ni sawa na yadi 182 na nusu za pasi. Kwotabeki wa namna hii hahitaji kuwa fundi wa kurusha ili akufae. Anahitaji tu kupewa kazi.

Tena ni supafleksi. Timu 12 zikipanga wawili wawili, hao ni 24 kati ya 32 wanaoanza katika NFL nzima, na wiki za mapumziko huwapunguza zaidi. Siku timu yoyote ikimtangaza Willis kuwa namba moja, hata kwa msimu mmoja, hakuna atakayekuuzia mtu wa aina hiyo kwa raundi ya pili. Ligi ya kwotabeki mmoja ingekuwa habari nyingine kabisa. Huko ningemwacha bila hata kuomba ofa.

Nahodha wa Kisauni

Shikamoo Bi Mkubwa. Mchezo mmoja mzuri umewaponza wengi, na ninaomba nimtaje Matt Flynn. Tarehe 1 Januari 2012 Packers walimpumzisha Rodgers, Flynn akaanza dhidi ya Lions, akarusha yadi 480 na tachidauni 6. Kwa pointi za ligi hii hizo ni zaidi ya 40. Machi Seattle wakampa mkataba. Mwezi uliofuata Seattle haohao wakamchagua Russell Wilson katika raundi ya tatu, na msimu ulipofunguliwa aliyekuwa uwanjani ni Wilson. Yaani hata pale mlango unapofunguka, mwingine anaweza kuupita kwanza.

Kuhusu Willis, tusisome nusu ya ukurasa. Mwaka 2022 alianza michezo mitatu akiwa Titans na hakufikisha yadi 100 za pasi katika mchezo hata mmoja. Na ushindi wake wa kwanza Green Bay, dhidi ya Colts, ulipatikana kwa Packers kukimbia na mpira mara 53. Yeye alirusha pasi 14. Kocha Matt LaFleur alimjengea mchezo unaomficha, na hiyo ni sifa ya kocha kabla ya kuwa sifa ya mchezaji. Msimu mzima alirusha pasi 54. Hakuna iliyonaswa, sikatai, lakini kwotabeki anayeanza humaliza idadi hiyo kwa wiki mbili.

Na warithi nao wasituvimbishe kichwa. San Francisco walitoa machaguo matatu ya raundi ya kwanza ili wampate Trey Lance mwaka 2021. Akavunjika kifundo cha mguu wiki ya pili ya 2022, na kiti hatimaye kikaenda kwa Brock Purdy, mtu wa 262, wa mwisho kabisa katika drafti ya mwaka huo. Agosti 2023 Lance aliuzwa Dallas kwa raundi ya nne.

MtuWaMinneapolis

Marahaba kwa niaba ya Bi Mkubwa, ingawa sikuulizwa. Nashukuru sana. Niongeze jambo nililolisahau: Stafford ana miaka 37, na nikimtoa Willis nitabaki na makwotabeki wawili tu. Katika ligi yetu hakuna kwotabeki anayeanza ambaye hana mwenyewe. Anayemtaka Willis hana Love.

Mtunza Daftari

Ungelisema hilo tangu mwanzo nisingekuwa mwepesi hivyo wa kukuambia upokee. Willis ana thamani mbili, na katika kikosi chako zote mbili zinafanya kazi. Moja ni bima: Love akikosa wiki tatu, wewe hupotezi nafasi, wengine wanapoteza. Bima hiyo ni yako peke yako, mnunuzi haimfai kitu. Kwa hiyo anachokinunua yeye ni ile Machi 2026 tu, na bado ameona inastahili raundi ya pili. Mtu asiye na Love akikupa bei hiyo, wewe mwenye Love huwezi kuiona inatosha.

Namheshimu Nahodha, na kama ningeulizwa iwapo Willis atakuwa namba moja kwa miaka mitano, ningesema hapana. Lakini swali lako ni dogo kuliko hilo. Je, kati ya leo na Machi ijayo kuna uwezekano bei yake ikapanda kuliko raundi ya pili? Love akiumia wiki moja, inapanda. Timu moja isiyo na kwotabeki ikimtaka Machi, inapanda. Asipocheza kabisa, itashuka labda hadi raundi ya tatu. Hasara hiyo unaweza kuibeba. Kubaki na Stafford peke yake mwezi wa Novemba huwezi.

Usikatae kwa ukali. Mrudishie ofa: raundi ya pili hiyohiyo pamoja na kwotabeki yeyote anayeanza, hata awe wa mkiani, nawe umpe Willis na chaguo lako la raundi ya tatu. Akikubali umeziba pengo, na Willis aende na baraka.

MtuWaMinneapolis

Nimeituma jana usiku. Ameisoma, hajajibu. Leo mchana tumekaa meza moja, akaniuliza kuhusu hali ya hewa.