Hajjaj bin Yusuf: tumshukuru au tumlaani?

Mleta mada: Jana baada ya darsa tulibishana sana kuhusu Hajjaj, liwali wa Iraq tangu 694 hadi kufa kwake 714. Mimi naona tunamtazama kwa jicho moja. Nukta za msahafu, zinazofanya herufi ba isichanganywe na ta, zinahesabiwa kuwa ni amri yake. Alijenga mji wa Wasit huko Iraq. Daftari za kodi zilitolewa kwenye Kiajemi zikaandikwa Kiarabu enzi zake. Haya yote si kitu?

Mpemba: Si kitu! Miaka 30 ya damu! Aliipiga Makka kwa manjaniki, mtambo wa kurushia mawe, akamuua Abdallah bin Zubeir aliyedai ukhalifa, akautundika mwili wake ilhali mama mtu, Bi Asma binti Abubakar, yu hai. Lakini utatarajia nini? Alianza kwa kufundisha watoto Taif. Kazoea fimbo.

Mleta mada: Iraq ni miaka 20, si 30.

Ticha wa Tanga: Mpemba, futa kauli. Nimeshika chaki miaka 19. Upanga alipewa na Khalifa Abdulmalik, hakuutoa chuo cha Kurani. Kila mtu akiharibika, lawama kwa mwalimu!

Mpemba: Sifuti. Mwalimu wangu wa chuo alinichapa, kovu liko mgongoni mpaka leo. Wewe hujawahi kumpiga mtoto?

Ticha wa Tanga: Nimewahi, mwaka wangu wa kwanza, na najuta. Ndiyo maana nasema usituweke sote kapu moja.

Mleta mada: Jamani, mada ni Hajjaj.

Niko Maskati: Huku jina lake halitajwi kwa wema. Mapokeo ya Oman yanasema Suleiman na Said wa ukoo wa Julanda, watawala wa Oman, walikimbia majeshi yake hadi nchi ya Zanj, yaani huko kwenu pwani ya Afrika Mashariki. Na mbona hamumtaji Said bin Jubeir, mwanafunzi wa Ibn Abbas, sahaba wa Mtume? Aliunga mkono uasi wa Ibn al-Ash'ath, jemadari aliyemgeukia Hajjaj, Hajjaj akamchinja 714, mwaka uleule aliokufa yeye.

Mleta mada: Hilo ni zito, sibishi. Ila nukta tunazisoma kila siku.

Ticha wa Tanga: Said bin Jubeir alikuwa mwalimu. Mpemba, umeona? Aliyechinjwa naye alikuwa anasomesha watu.

Mpemba: Kwa Said nakubali, Mungu amrehemu. La fimbo bado sikubali.