Otomatiki ya kuchapa tisheti: ya hewa au ya stima, kwa sisi wa Mombasa?

Rangi_Kongowea
Asalaam aleikum wenzangu. Karakana yetu iko Kongowea, tunachapa kwa mkono: jezi za mashindano ya mtaani, sare za shule, tisheti za harusi. Kazi za kampeni za 2027 zimeanza kuulizwa na kwa mkono hatutaziweza. Nimepata otomatiki mbili, yaani mashine zinazochapa zenyewe, zote za rangi 6 (kila rangi na kichwa chake cha kuchapa) na meza 8 za kuvalisha tisheti zinazozunguka. Moja imetumika, ni ya hewa tupu, vichwa na mzunguko. Ya pili ni mpya, vichwa vya mota na mzunguko wa servo (mota inayosimama pale pale ilipoagizwa), na bei yake iko juu sana. Muuzaji wa hii mpya ananiambia nikiichukua nisahau habari ya kompresa. Ni kweli? Na kwa joto na chumvi ya hapa kwetu, ipi itadumu?

FundiHewa
Waaleikum salaam ndugu yangu. Hilo la kusahau kompresa, muulize tena. Nyingi ya hizi zinazoitwa za stima, stima inasukuma kichwa na kuzungusha meza tu. Kubana fremu ya skrini na kuigandamiza skwiji (ule mpira unaosukuma rangi ipite kwenye skrini) bado ni kazi ya hewa. Hewa yenyewe ni kidogo, lakini kompresa iko pale pale. Zipo zisizotumia hewa kabisa, na hizo bei yake ni habari nyingine. Mwambie akuandikie: lita ngapi za hewa kwa dakika, kwa shinikizo la bar ngapi.

Mimi naegemea ya hewa kwa sababu ikiharibika asubuhi, jioni inachapa. Silinda ikivuja naifungua, natoa mpira uliolika, napima kipenyo, naenda mjini nanunua. Vali na mabomba yake ni vipimo vya kawaida, viwanda vingi vinatumia hizo hizo. Bodi ya servo ikiungua unaagiza nje, na mteja wa kampeni hangoji meli.

BintiMakupa
Kakangu FundiHewa, kwa vipuri nakubali, ila chapa yenyewe hujaigusa. Mimi nimesimama kwenye zote mbili. Ya hewa, mwendo wa skwiji unaupanga kwa vali ya kupunguza hewa inayopita. Asubuhi umeweka sawa, nyeupe inalala vizuri juu ya tisheti nyeusi. Vichwa vinne vikianza kuchapa pamoja na kompresa ikashindwa kuvilisha, shinikizo linashuka, skwiji inazembea, na rangi inayopita kwenye wavu wa skrini si nyingi kama ile ya mwanzo. Tisheti zikitoka kwenye draya (tanuri ya kukausha rangi) unaona nyeupe ya hii si nyeupe ya ile. Kichwa cha mota kinakwenda mwendo ule ule kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, na hakigongi kikifika mwisho wa njia.

Na mzunguko: servo inaanza taratibu na kusimama taratibu, rangi ya tatu inakaa pale pale juu ya ya pili. Uso wa mgombea ukihama kidogo tu, mdomo unatoka kwenye mstari wake na mzigo mzima unarudishwa.

MzeeSkrini
Oda zako ni za vipande vingapi? Kama nyingi ni 30 au 50, saa zinaliwa na kufunga skrini na kuzipanga, si kuvuta skwiji. Hapo otomatiki yoyote itakaa bure.

FundiHewa
Anachosema BintiMakupa hutokea, lakini mara nyingi chanzo ni kompresa ndogo, au maji. Hili la maji tulizungumze sisi wa pwani. Hewa ikiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 80, kila mita ya ujazo imebeba gramu 24 hivi za maji. Ukiibana hadi bar 7 na ikapoa, gramu 20 kati ya hizo haziwezi kubaki mvuke. Kompresa inayovuta mita moja ya ujazo kwa dakika inakutolea zaidi ya lita moja ya maji kila saa! Yanakwenda wapi? Tangini, mabombani, ndani ya silinda. Yanaosha grisi, yanaleta kutu, mpira unaanza kukwaruzika. Fungua chujio: ukikuta ute mweupe kama uji, hayo ni maji yamechanganyika na mafuta, na silinda zako zimeshaanza kuumia.

Kwa hiyo ya hewa usiihesabu peke yake. Ongeza kikausha hewa cha friji, vichujio, na vali inayomwaga maji ya tangi yenyewe bila kungoja mtu akumbuke.

StimaChangamwe
Na bili, mabwana. Kwenye kompresa stima nyingi inaishia kuwa joto, kinachofika kwenye silinda ni sehemu ndogo ya uliyolipia. Tundu la milimita 3 kwenye bomba la bar 7 linamwaga lita 10 hivi za hewa kila sekunde. Tena mota ya kompresa ikiwashwa moja kwa moja huvuta mara 5 hadi 7 ya ampea zake za kawaida, kwa hiyo stima ikipotea jenereta yako iwe inaweza kustahimili hapo.

Ya stima nayo ina masharti. Inverta, zile bodi zinazoongoza mwendo wa mota, hazipendi volti inayopanda na kushuka, weka kinga kabla ya kuwasha siku ya kwanza. Sanduku la bodi lifungwe vizuri na feni yake iwe na chujio, chumvi inakula viunganishi.

Hiyo iliyotumika soma kibati chake. Kama imetoka Marekani ni ya 60 Hz, na volti 208 au 230. Sisi ni 50 Hz, fezi tatu 415. Utahitaji transfoma, na mota isiyo na inverta itapoteza sehemu moja kati ya sita ya mwendo wake. Flashi (hita ya kukausha rangi kidogo kabla ya rangi nyingine) na draya pia zitazame, hizo zinakula stima kuliko mashine yenyewe.

Rangi_Kongowea
Shukran sana. Mzee, oda za kawaida ni 100 hadi 300, za kampeni wanataja maelfu. Kibati nimetoka kukisoma, ni 60 Hz kweli. Nikijumlisha kompresa kubwa, kikausha na transfoma, tofauti ya bei na ile mpya imebaki ndogo. Nikienda kwa muuzaji kuijaribu hiyo mpya, niangalie nini?

BintiMakupa
Nenda na skrini zako na tisheti nyeusi unazotumia wewe, si za kwake. Chapa nyeupe na rangi mbili juu, vichwa vikifanya kazi pamoja, mpaka mashine ipate moto. Chukua ya 10 na ya 200 uziweke pamoja juani. Kisha muulize fundi wa inverta yuko wapi. Akisema Nairobi, omba namba yake umpigie ukiwa hapo hapo. Na bodi ya akiba iingie kwenye bei kabla hujalipa.

FundiHewa
Bodi ya akiba ikiingia kwenye bei, mimi sina neno na hiyo mpya. Kompresa ndogo utakayoiwekea, nayo usiiache bila kikausha.